Jiko la mashua ya tanga

Jiko la mashua ni jiko dogo linalofungwa ndani ya chombo cha tanga ili mabaharia wapike wakiwa safarini. Kazi yake ni ileile ya jiko la nyumbani, ila hapa sakafu inakwenda mrama, mlango wa kutokea ni mmoja, na moto ukishika hakuna gari la zimamoto litakalofika. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara haanzi kwa kuuliza jiko linachemsha chai kwa dakika ngapi. Anauliza kwanza: mafuta yakimwagika, au gesi ikivuja, itakwenda wapi?

Katika majahazi ya Bahari ya Hindi jawabu la zamani lilikuwa kuuweka moto nje. Mpishi aliwasha kuni juu ya sitaha, ndani ya sanduku la mbao lililotiwa udongo au mchanga, na moshi ukachukuliwa na upepo. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliukuta utaratibu wa aina hiyo aliposafiri na jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na delta ya Rufiji mwaka 1938 na 1939. Lakini mpango huo unataka sitaha pana. Mashua ya mita 7 yenye chumba cha kulala watu wawili haina nafasi hiyo, hivyo moto hauna budi kuingia ndani.

Ulioingia kwanza kwa mafanikio ulikuwa moto wa mafuta ya taa. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm alitengeneza jiko la Primus, lisilo na utambi wala masizi. Mafuta husukumwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye bomba lililopashwa moto, yanageuka mvuke, kisha yanatoka kwa kasi kwenye tundu jembamba na kuwaka kwa mwali wa buluu unaonguruma. Kasoro yake iko mwanzoni. Lazima bomba lipashwe kwa spiriti kidogo kwanza, na mwenye haraka asiyengoja lipate moto wa kutosha hupata mwali wa njano unaorukia darini. Tundu nalo huziba, kwa hiyo sindano ya kulizibulia ni kifaa cha lazima.

Mtihani mkali kabisa wa jiko hilo ulifanyika Aprili na Mei 1916. Mpelelezi wa Antaktika Ernest Shackleton na wenzake watano walivuka kutoka Kisiwa cha Elephant hadi South Georgia, zaidi ya kilomita 1,300 za bahari ya kusini, kwa mashua ya James Caird yenye urefu usiofika mita 7. Chini ya turubai palikuwa pafinyu mno hata mtu asiweze kuketi wima. Mpishi alikuwa Tom Crean, Mwayalandi. Mapishi yalifanywa na watu walioketi wakielekeana, migongo yao ikiegemea mbavu za mashua na Primus ikiwa imebanwa katikati kwa miguu, na wimbi likija sufuria inanyanyuliwa juu. Uji mzito wa nyama na maziwa ya moto ndivyo vilivyowaweka hai.

Ile miguu ya watu ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na mhimili. Jiko la kisasa hutundikwa kwenye misumari miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili mashua ikilalia upande wa demani jiko libaki sawasawa na upeo wa macho. Ufundi huu wa kuning'iniza hujulikana Ulaya kwa jina la Gerolamo Cardano, mwanazuoni wa Italia wa karne ya 16, ingawa ulielezwa zamani kabla yake. Siri yake ni uzito: sehemu iliyo chini ya mhimili sharti iwe nzito kuliko iliyo juu. Sufuria kubwa iliyojaa maharage ikiwekwa juu ya jiko jepesi, hesabu inageuka na jiko linapinduka lenyewe. Mlango wa oveni ukifunguliwa nao huvuta jiko mbele, kwa hiyo huwekwa komeo la kulizuia lisiyumbe. Vyuma vya kubana sufuria havina mbadala. Wenye vyombo vya ngalawa au vyenye matumbo mawili wana ahueni, kwani vyombo hivyo havilali sana upande. Vyuma vya kubana vinawatosha.

Leo gesi ya mtungi ndiyo inayotawala, na sababu ni wazi: inawaka papo hapo, ni safi, na kila bandari inauzwa. Hatari yake inatokana na uzito wake. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, na butani kwa takriban mara 2. Nyumbani gesi inayovuja inaweza kutoka chini ya mlango. Mashua ni beseni lisilo na tundu, hivyo gesi hushuka hadi kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, na kukaa huko. Ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa iliyomo, cheche ya swichi ya pampu ya kutolea maji inatosha kulipua chombo kizima.

Kwa hiyo mtungi hukaa nje ya chumba, katika sanduku lisilopitisha hewa upande wa ndani, lenye tundu chini la kumwagia gesi baharini juu ya mstari wa maji. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10239 kinaeleza ufungaji huo. Kila bana iwe na kifaa cha kukata gesi moto ukizimika, viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni, na koki ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika. Ule mtungi mdogo wenye bana juu yake, unaopendwa sana katika vyumba vya kupanga vya Nairobi na Dar es Salaam, haufai kabisa chomboni: gesi yenyewe iko ndani, tena ni mrefu na unaanguka upesi. Bei yake ni kishawishi tu.

Katika bahari za baridi kuna jambo jingine. Butani huacha kugeuka gesi joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, lakini propani hustahimili hadi -42. Msafiri wa Norwei huchagua propani. Wa Lamu au Pemba hana haja ya kujali.

Anayeogopa gesi hukimbilia spiriti. Majiko ya Origo ya Sweden yaliheshimika kwa sababu kopo lake lina nyuzi zinazonyonya spiriti, kiasi kwamba hata likiinama halimwagi, na halina pampu ya kuharibika. Gharama yake ni nguvu. Kilo moja ya spiriti ina nishati ya takriban megajuli 27, ya mafuta ya taa 43. Chai inachelewa, na mizigo ya mafuta inaongezeka. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, na ajali hutokea mtu anapojaza kopo ambalo bado lina moto.

Umeme nao umeanza kuingia. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji watisaa 87, yaani ampea-saa 7 na ushei za betri ya volti 12, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Paneli ya jua ya wati 100 inahitaji takriban saa nzima ya jua kali kwa birika hilo moja. Jiko la wati 1,800 huvuta ampea 150, mkondo unaotaka nyaya nene na betri za lithiamu. Kwa mashua ndogo isiyo na mfuko mnene, bado si wakati wake.

Katika kupika, kinachomtia hofu mpishi mzoefu ni maji ya moto kuliko moto wenyewe. Sufuria iwe ya kina na isijazwe kupita nusu. Ile ya presha ni bora hata bila presha, kwa kuwa mfuniko wake unafungwa. Bahari ikichafuka mpishi avae suruali yake ya mvua, joto liwe liwavyo, na kikombe kiwekwe ndani ya sinki ndipo kimiminiwe chai. Wali na viazi vinaweza kupikwa kwa theluthi moja ya maji ya bahari. Chumvi haihitajiki tena.

Dirisha libaki wazi muda wote, maana moto wowote chumbani hula hewa, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata usiku wa mvua: kaboni monoksidi yake haina harufu. Moto wa mafuta ya kukaangia haumwagiwi maji, hufunikwa. Blanketi la kuzimia litundikwe karibu na mlango, si juu ya jiko, ili anayelifuata asilazimike kupitisha mkono juu ya mwali.