Hewa Iendayo na Hewa Irudiyo

Kiyoyozi cha tani 10 kilichowekwa juu ya paa la duka mjini Phoenix, Arizona, husukuma takriban mita za ujazo 6,800 za hewa kwa saa. (Tani hapa si uzito wa mashine. Ni kipimo kilichobaki tangu zama za biashara ya barafu: uwezo wa kuondoa joto ambalo lingeyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24.) Hewa nayo ina uzito wake, na kiasi hicho ni zaidi ya kilo 8,000 zinazoshushwa kutoka paani, zikapitishwa juu ya dari, zikamwagwa dukani, kisha zikavutwa tena juu, kila saa ambayo mashine inafanya kazi. Mwenye jengo huuliza bei ya mashine, aina ya gesi na bili ya umeme. Ni nadra aulize hewa yote hiyo itapita wapi.

Kuna jamii zilizouliza swali hilo kwanza, kabla hata msingi haujachimbwa. Ninataka kuziweka kando ya fundi bati wa Marekani, anayetengeneza na kufunga njia za hewa za mashine kama hiyo, si kwa kuwasifu wa kale na kuwabeza wa sasa, bali kwa sababu naamini wote wanafanya kazi moja, na kazi hiyo hufaulu au huharibika mahali palepale: kwenye hewa irudiyo.

Tuanze Dubai. Mtaa wa Al Fahidi, ambao wengi bado wanauita Bastakiya, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 na wafanyabiashara waliovuka Ghuba kutoka Bastak, kusini mwa Uajemi. Walikuja na mnara wa upepo, ambao Waajemi wanauita badgir na Waarabu wa Ghuba barjeel. Kwa mbali unauona mnara mfupi wa mraba juu ya nyumba, wenye nafasi wazi pande zote nne. Ufundi wenyewe umo ndani. Kuta mbili nyembamba hukatana kwa ulalo kutoka pembe hadi pembe, zikaugawa mnara kuwa mikondo minne ya pembetatu inayoshuka hadi chumbani. Upepo ukivuma kutoka baharini, upande unaoupokea hujaa na kuushusha ndani. Upande wa pili, uliopewa kisogo na upepo, shinikizo hupungua, na mkondo wa huko huivuta hewa ya chumbani na kuipandisha nje. Upepo ukigeuka, mikondo hubadilishana kazi bila mtu kugusa chochote.

Wageni wakisimama chini ya mnara husifia hewa inayowashukia usoni. Mimi nausifia ukuta wa ulalo. Uondoe ukuta huo, na upepo utaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili hukohuko juu, chumba kikabaki na hewa yake nzito. Aliyeketi chini anapata nafuu kwa sababu hewa inayokuja na inayoondoka zimetenganishwa mpaka zimfikie, na ile inayoondoka imepewa njia yake kamili, si ufa wa kubahatisha.

Sasa twende paani Marekani. Kazi huanza kabla kreni haijafika. Paa bapa hutobolewa, na juu ya tundu hufungwa fremu ya chuma yenye kimo cha sentimita 35 hivi, ikapimwa kwa pimamaji pande zote, maana mashine iliyoinama vibaya haitoi maji yake. Ndani ya fremu kuna nafasi mbili: moja ya dakti, yaani mfereji wa bati, inayopeleka hewa iliyopozwa, au iliyopashwa moto wakati wa baridi, na nyingine ya dakti inayorudisha hewa iliyotumika. Dakti zote mbili huning'inizwa kwenye fremu mashine ikiwa bado chini barabarani, kwa sababu ikishatua hakuna mkono utakaofika pale. Kisha ukanda wa sponji hubandikwa kuzunguka ukingo mzima wa fremu, na pia juu ya kipande chembamba cha chuma kinachozigawa zile nafasi mbili. Ndipo mashine yenye uzito wa karibu nusu tani hushushwa, polepole, mafundi wakiielekeza kwa mikono hadi ikae.

Ukanda ule ndio roho ya kazi. Ukikatika, au ukijikunja wakati mashine inatua, hewa baridi inayotoka kwenye feni kwa nguvu hupenya moja kwa moja hadi nafasi ya pili, ile inayovuta, ikarudi ndani ya mashine bila kushuka dukani. Mashine itanguruma kutwa. Wafanyakazi chini watalalamika joto. Fundi wa gesi ataitwa, atapima, atakuta gesi iko sawa. Kosa liko sentimita chache chini ya mashine, mahali pasipoonekana, nalo ni kosa lilelile la mnara ambao ukuta wake wa ulalo umebomoka. Mwashi wa Bastak na fundi bati wa Arizona wangeelewana hapo bila mkalimani, kwa kuonyesha kwa kidole tu.

Wanapoachana ni kwenye nguvu waliyo nayo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukigonga ukuta hutoa shinikizo la paskali 10 hivi. Feni ya mashine ya paani kwa kawaida hupewa uwezo wa kushinda upinzani wa paskali 125 hadi 250 ndani ya dakti. Mwashi mwenye paskali 10 hana ruhusa ya kupoteza hata moja, kwa hiyo njia zake ni pana na zimenyooka, na hewa haikunjwi mpaka ifike chumbani. Mnara wa Bustani ya Dowlatabad huko Yazd, Uajemi, uliojengwa karne ya 18, una pande nane na kimo cha mita 33 hivi, kwa kuwa juu ndiko kwenye kasi zaidi na vumbi kidogo. Katika mji wa Ardakan, mwendo mfupi kutoka Yazd, minara mingi ina mdomo upande mmoja tu, kuelekea unakotoka upepo mwema, na mgongo wake umeziba upande wa vumbi. Ukiwa na kidogo, unakitunza.

Fundi wa dakti ana shinikizo la kutosha, na wingi huo huzoesha watu uzembe. Chukua kona moja. Hewa ya mashine yetu ya tani 10, ikipita katika dakti kuu ya sentimita 60 kwa 50, huenda kwa kasi ya mita 6 na kidogo kwa sekunde. Kona iliyopindwa kwa mviringo mpana hula paskali 5 hivi. Kona iliyokatwa mraba, bila vibati vya ndani vya kuongoza hewa, hula karibu 30. Yaani kona moja, iliyofichwa juu ya dari ambako hakuna mteja atakayepanda kutazama, inameza mara tatu ya nguvu yote inayouendesha mnara wa Dubai. Feni haitalalamika. Itazunguka kwa nguvu zaidi, itapiga kelele zaidi, na bili itapanda. Ukiibana dakti hiyo ibaki nusu ya upana wake ili ipite chini ya boriti ya zege, kasi huongezeka mara mbili na upotevu kwenye kona huwa mara nne.

Lawama hii siibebeshi mgongo wa fundi bati. Yeye hufika fundi umeme akiwa ameshapitisha trei za nyaya, fundi bomba ameshachukua kona zilizo bora, na msanifu ameshaamua dari iwe chini kiasi gani. Anapewa nafasi iliyosalia na kuambiwa apitishe. Kuna viwango vizuri: SMACNA, chama cha Marekani cha wakandarasi wa bati na viyoyozi kilichoanzishwa mwaka 1943, kina vitabu vinavyoeleza unene wa bati kwa kila upana wa dakti, umbali kati ya vining'inizo, na namna ya kuziba viungo. Lakini hakuna unene wa bati unaoweza kumrudishia fundi nusu mita ya nafasi aliyonyimwa kwenye ramani. Katika nyumba ya Yazd, vyumba vya kiangazi vilipangwa kuufuata mnara. Katika jengo la biashara la leo, njia ya hewa hupangwa kufuata kila kitu kingine, na hapo ndipo ninapoona mila ya zamani ina cha kufundisha.

Lazima pia mashine itendewe haki. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana wa miaka 25, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn. Karatasi zilikuwa zikitanuka na kunywea kwa unyevu, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kilichomhangaisha hasa kilikuwa maji yaliyomo hewani. Kwa tatizo hilo mnara hauna jibu. Yazd ni nchi kavu, na hewa ikipitishwa juu ya hodhi au maji ya qanat, mfereji wa chini ya ardhi, hupoa kwa kuyanywa yale maji. Dubai na Mombasa hewa imeshashiba, hivyo mnara ungeweza kuleta mwendo wa hewa tu: nafuu kubwa kwa ngozi yenye jasho, lakini si kwa chumba cha upasuaji, ghala la dawa au nyaraka za kale. Koili baridi inaweza kuyakamua maji hayo hewani na kuyatiririsha nje kwa bomba.

Na unyevu huohuo humfuata fundi wa dakti hadi pwani yetu. Hewa hutoka kwenye mashine ikiwa nyuzi 13 hivi. Dar es Salaam na Mombasa, bati lolote lililo chini ya nyuzi 20 litatoa jasho kwa muda mwingi wa mwaka. Dakti hufungwa sufi ya kioo yenye karatasi ya foili juu, na mafundi wengi hudhani kazi ya foili ni urembo. Foili ndiyo inayozuia mvuke usilifikie bati. Itazame pale kining'inizo kinapoibana, au pale kisu kilipochana ili kupitisha waya na pakaachwa bila utepe: ndipo tone la kwanza litakapotokea. Baada ya miezi kuna doa la kahawia darini na watu wanasema paa linavuja, ingawa mvua haijanyesha. Mpasuko huohuo Phoenix ungepoteza ubaridi kidogo tu. Pwani unaozesha dari.

Wakorea, ambao shida yao ilikuwa baridi, walifikia hitimisho la kukaribiana kutoka upande wa pili. Katika ondol, moto wa jikoni hupitisha moshi wake katika mifereji chini ya sakafu ya mawe, kisha nje kwa bomba la moshi lililosimama upande wa pili wa nyumba. Kabla ya bomba hilo walichimba shimo refu kidogo, ili upepo unaosukuma kutoka nje usiurudishe moshi sakafuni. Hata hapo ustadi mkubwa uliwekwa kwenye njia ya kutokea.

Nyumba za mawe za Lamu zina jibu la utulivu zaidi. Urefu wa boriti za mikoko haukuruhusu chumba kuwa na upana wa zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, vikitazama kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Hewa yenye joto hupandia hapo na kuondoka. Katika miji yenye kaskazi nusu ya mwaka na kusi nusu nyingine, nyumba yenye tundu upande mmoja tu ingekuwa imefungwa kwa miezi. Linganisha na ofisi nyingi zetu za kisasa: kila chumba kina tundu lake la kuletea hewa baridi, lakini tundu la kurudishia ni moja, kule koridoni. Meneja akifunga mlango, chumba hujaa hewa kisha hakipokei tena, kwa sababu iliyomo haina pa kutokea. Dawa yake ni rahisi mno: grili mlangoni, au nafasi ya kutosha chini ya mlango. Hata hivyo hukatwa kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote.

Eastgate Centre ya Harare, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce na uhandisi wa Arup, ilijaribu kuziunganisha mila hizi. Feni zipo, lakini hewa ya usiku hupitishwa katika sakafu za zege zenye uwazi, zege likapoa, na mchana likaipoza hewa inayoingia ofisini. Iliyotumika hupanda hadi mabomba ya matofali paani. Njia ya kutokea ndiyo sura ya jengo, inaonekana ukiwa barabarani. Haifai kunakiliwa kila mahali: Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Nairobi ina usiku wa aina hiyo, na inasikitisha kuona inavyojengwa kana kwamba haina. Mombasa haina.

Mwishoni mwa kazi ya Marekani hufika fundi wa kusawazisha. Huegesha kofia ya kitambaa yenye kipimo kwenye kila tundu darini, husoma kiasi cha hewa, hupanda ngazi na kugeuza kidogo dampa, kile kibati cha kubana njia ya hewa, kisha hulirudia tundu la kwanza, maana kila analolibana huongezea mengine. Kazi hiyo hufanywa mara moja, siku za makabidhiano, ikaandikiwa ripoti. Katika nyumba ya Yazd ilikuwa ya kila msimu: familia ilihamia upande wa kivuli na mnara wakati wa joto, ikahamia upande wa jua wakati wa baridi, na mwenye nyumba alijua ni mlango upi afungue. Ripoti ya kusawazisha ingestahili kukaa kwa msimamizi wa jengo, dampa zikiwa na alama za mahali zilipoachwa, na kila anayehamisha ukuta wa ofisi alazimike kupima upya, kwa sababu ukuta mmoja wa jipsamu uliosimamishwa Jumamosi unaweza kukata njia ya kurudi ya vyumba vyote vilivyo nyuma yake.