Butembo na Beni: Namna sumu inavyopita kwenye ngozi na kuingia mwilini

Wakulima wa Butembo na Beni wanajua kama dawa ya wadudu inaua mutu akiinywa. Ndiyo maana chupa inafichwa juu, mbali na watoto. Lakini pompa yenye kuvuja inabebwa mugongoni asubui mpaka saa sita, shati inalowana, na jioni mwenye shamba anaanza kuumwa kichwa. Anasema ni jua, ao malaria. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni ile dawa, na haikupita kwenye kinywa hata kidogo.

Ngozi ya mutu mukubwa, kama ingetandikwa chini, ingefika kadiri ya meta moja na nusu mpaka mbili za mraba. Tabaka yake ya juu kabisa imefanywa na chembe zilizokufa, zimepangana sawa matofali, na kati yao kuna mafuta sawa udongo wa kushikamanisha. Ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi, lakini unazuia maji vizuri. Mutu anaweza kuoga mutoni saa nzima bila kujaa maji.

Shida ni kwamba kitu chenye kuyeyuka katika mafuta kinapata njia kati ya hayo matofali. Dawa nyingi za wadudu ziko vile. Zile zinazogeuka nyeupe sawa maziwa ukizitia ndani ya maji, kiwandani zilichanganywa na kitu cha jamii ya petroli, na hicho nacho kinasaidia sumu kupenya. Chini ya ukuta kuna mishipa midogo ya damu. Sumu ikifika pale inatembea mwili wote, bila kupita kwanza kwenye ini sawa vile chakula kinavyopita.

Tena ngozi haiko sawa kila mahali. Mwaka 1971 munganga wa ngozi wa Marekani, Howard Maibach, na wenzake walitangaza matokeo ya kupima hilo kwa watu waliojitolea, kwa kutumia kiasi kidogo cha parathioni, dawa kali ya wadudu. Kwenye mukono, kati ya kiwiko na kiganja, sehemu karibu 9 kwa 100 ziliingia mwilini. Kwenye kiganja zilikuwa 12, ngozi ya kichwa 32, paji la uso 36, kwapa 64. Kwenye mufuko wa korodani, karibu yote iliingia.

Hesabu hiyo inapashwa kujulikana na kila mwanaume anayepiga dawa kwenye kakao kule Mangina, Oicha ao Mbau. Watu wamefundishwa kunawa mikono nyuma ya kwenda haja ndogo. Siku ya kupiga dawa, ni lazima kunawa mbele pia. Na pompa inayovuja inatiririsha dawa mugongoni mpaka ndani ya suruali, palepale pabaya zaidi. Ngozi ya kichwa nayo ni mulango mupana: kumupaka mutoto dawa ya shamba ili kuua chawa ni kumupa sumu. Mutoto muchanga ana ngozi nyingi sana kwa kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo kipimo kidogo kwake ni kikubwa.

Joto na jasho vinaongeza kupenya. Nguo iliyolowana dawa ni mbaya kuliko ngozi tupu iliyoguswa na kunawishwa, sababu inashikilia sumu pale kwa masaa. Kidonda ao mukwaruzo ni tundu kwenye ukuta. Watu wanaokinga utomvu wa papai wanajua vile unavyokula vidole. Mwenye vidole hivyo asishike dawa bila kujikinga. Hata maji ya klore yaliyotumiwa kunawa mikono wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, yaliwakausha wengi ngozi, zaidi kama yalichanganywa makali kupita 0.05 kwa 100, kipimo cha mikono.

Kuna sumu nyingine ambayo watu wanajipaka kwa kupenda: mafuta ya kujichubua. Mengine yana zebaki, ao merkiri. Nairobi, mwaka 1972, waganga waliandika juu ya wagonjwa 60 wa figo, waliovimba mwili na kupoteza protini kwenye mukojo. Zaidi ya nusu walikuwa wanatumia mafuta hayo. Wengine walipona nyuma ya kuyaacha. Mapatano ya Minamata ya kuzuia zebaki yalikataza mafuta ya namna hiyo tangu 2020, lakini sokoni mapatano hayasomwi.

Zebaki ya wachimbaji wa zahabu ni tofauti kidogo. Ile ya maji-maji haipenyi sana kwenye ngozi. Hatari kubwa ni moshi wake wakati wa kuichoma. Lakini kuna zebaki ya maabara iliyo kali ajabu. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia huko Marekani, alidondokewa na matone machache juu ya glavu. Glavu ilikuwa mukononi, lakini matone yaliipenya. Alikufa Juni 1997. Glavu nyembamba za hospitali, basi, si za kupigia dawa; zinahitajika nene za mupira, zisizotoboka.

Sehemu ya matata iko kwenye biashara. Dawa inapitia Kasindi, etikete yake ni ya Kiingereza, kisha inauzwa kadogo-kadogo ndani ya chupa ya maji bila etikete yoyote. Mununuzi angalau adai kuona chupa ya kwanza. Musitari wa chini una rangi: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani pia si maji ya kunawa.

Dawa ikimwagika kwenye mwili, nguo zinavuliwa mara moja, viatu pia, na ngozi inaoshwa kwa maji mengi na sabuni, bila kusugua kwa nguvu. Petroli haifai, inasukuma sumu ndani. Maziwa, ambayo wengine wanakunywa nyuma ya kazi, hayaondoe kitu kilichopita kwenye ngozi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na anayezifua avae glavu.

Mutu akianza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, kuona ukungu ao misuli kutetemeka, asingojee kesho. Kwenye kituo cha afya abebe chupa yenyewe ao etikete, sababu munganga anaanza kutibu kwa kujua jina la dawa: zile za jamii ya parathioni zinatibiwa kwa atropini, na nyingine haziitikie atropini hata kidogo.