Protini ya waya: wanafunzi wanavyojitayarisha kwa mashindano

Science Olympiad ni mashindano ya sayansi ya shule za Marekani. Kati ya majaribio yake kumekuwa na lile la kuunda protini kwa mikono: waya iliyovikwa sponji inakunjwa mpaka ifanane na protini ya kweli, sentimita 2 kwa kila asidi amino. Mnyororo wa beta wa hemoglobini, njo ile protini ya damu, una asidi amino 146. Piga hesabu: karibu mita 3 za waya!

Matayarisho yanaanzia kwenye ordinatere. Ekipe inafungua faili ya Protein Data Bank, hazina iliyoanzishwa 1971, inaigeuza-geuza na programu ya bure Jmol. Kisokoto cha alfa kinazunguka mara moja kila asidi amino 3,6, tena kwa kuume. Ukikizungusha kushoto, umekosea.

Siku yenyewe wanaunda kipande kingine papo hapo, na kuna mtihani wa maandishi: umbo hili linafanya kazi gani? Kwetu swali hilo si mchezo. Anemia ya SS, ambayo familia nyingi za Kongo zinaijua, inatokana na asidi amino moja tu, ya 6 katika mnyororo ule: valini imekamata nafasi ya asidi glutamiki. Oksijeni ikipungua, hemoglobini zinashikana, chembe ya damu inapinda kama mundu. Kwenye waya, ni sentimita 2.