Damu ya mume, mkono wa mke

Aprili 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapa ripoti fupi kutoka hospitali ya St Mary's, London. Mume anatolewa damu. Damu inazungushwa kwenye mashine hadi chembe nyeupe zijitenge na nyekundu, kisha nyeupe anadungwa mkewe: nyingine kwenye mshipa, nyingine ndani ya ngozi, nyingine chini yake. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kupoteza mimba tatu au zaidi mfululizo, na hakuna aliyejua sababu. Kati ya 22 waliopewa chembe za waume zao, 17 walijifungua salama. Kati ya 27 waliorudishiwa chembe zao wenyewe pasipo kujua, ni 10 tu.

Miaka 40 na ushei imepita. Sindano hiyo imekwisha kukataliwa na waandishi wa miongozo ya tiba Ulaya na Marekani, lakini bado ina wauzaji na wanunuzi.

Swali lililoizaa ni la Peter Medawar, Mwingereza aliyezaliwa Brazil. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia majeruhi wa moto, akaona jinsi ngozi ya mtu mmoja ikibandikwa kwa mwingine inavyokataliwa na mwili. Mwaka 1953 akauliza: mtoto aliye tumboni nusu ya urithi wake ni wa baba, mbona yeye hakataliwi? Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe. Huyu anakaa miezi tisa, analishwa, na hakuna anayemuuliza ataondoka lini. Medawar alikisia majibu matatu: labda kuna ukuta kati ya mama na mtoto, labda mtoto hajakomaa kiasi cha kutambulika, au labda kinga ya mama imelala. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1960, kwa utafiti mwingine wa kinga.

Kisha likaja kundi lililogeuza swali juu chini. Mwaka 1981 Alan Beer huko Marekani, na Colin Taylor na Page Faulk huko Uingereza, walidai kwamba mwanamke anayepoteza mimba mfululizo hamkatai mtoto, hamtambui. Alama za chembe za mume na mke zikifanana mno, kinga ya mama haishtuki, wala haitengenezi kingamwili za kumfunika mtoto. Basi mshtue! Mdunge chembe za kigeni, mwili uzoee sura ya mgeni kabla hajabisha hodi. Taylor na Faulk walitumia chembe za watu baki. James Mowbray, kiongozi wa jaribio la St Mary's, akachagua za mume.

Nadharia ilikuwa tamu kuisikia, na takwimu zilionekana kuisimamia. Kliniki zikaanza kudunga.

Aliyekuja kuizima ni mtu ambaye ungemtarajia aitetee. Carole Ober, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa amewafuatilia kwa miaka mingi Wahutteri, jamii ya Kikristo ya wakulima huko Dakota Kusini wanaooana wao kwa wao. Aliona kweli kwamba wanandoa wenye alama za chembe zinazofanana walipoteza mimba zaidi. Lakini alipoisimamia sindano yenyewe kwenye jaribio kubwa la Marekani na Kanada, matokeo ya mwaka 1999 yalikwenda kinyume. Waliodungwa chembe za waume walifanikiwa kwa asilimia 36. Waliodungwa maji ya chumvi, asilimia 48. Maji ya chumvi!

Januari 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza sindano hiyo isitolewe nje ya utafiti ulioidhinishwa. Beer hakukubali kushindwa hadi alipofariki mwaka 2006, na wapo wanandoa waliovuka mpaka kwenda kuitafuta Mexico. Huwezi kuwalaumu. Aliyezika matumaini mara nne hasomi jedwali la takwimu kama anavyolisoma profesa.

Biashara ilihamia kwenye seli nyingine, yenye jina la kutisha: seli asilia za kuua. Zilitambuliwa mwaka 1975, Stockholm na Marekani, zikiangamiza seli za saratani bila kufundishwa. Ilipojulikana kwamba miezi ya mwanzo ya mimba karibu asilimia 70 ya chembe nyeupe kwenye utando wa mfuko wa uzazi ni za aina hii, wengi wakahitimisha kwamba muuaji kapatikana. Wanawake wakapimwa damu mkononi, wakaandikiwa dawa za kushusha kinga. Mwaka 2004 Ashley Moffett wa Cambridge na wenzake wawili waliandika kwa ukali kwamba seli za kwenye damu si zile za mfuko wa uzazi, na kipimo hicho hakisemi lolote la maana. Kule ndani kazi yake inaelekea kuwa ya fundi bomba: kusaidia mishipa ya mama itanuke ili damu ya kutosha ifike kwenye kondo.

Dunia hupoteza mimba zipatazo milioni 23 kila mwaka. Huku kwetu, mwanamke ambaye mimba zake hazikai bado huulizwa kwanza kamkosea nani.

Ndiyo maana kazi ya Dk. Annettee Nakimuli wa Makerere ilistahili kelele kuliko iliyopata. Akishirikiana na Moffett, alichunguza damu za wajawazito wa Mulago, Kampala, akitafuta chanzo cha shinikizo la damu linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ambalo nalo huanzia kwenye mishipa ileile isiyotanuka. Mwaka 2015 walitangaza kwamba kuna jeni za seli asilia za kuua zinazowalinda wanawake wa Uganda, zipo kwa Waafrika na hazipo kwa Wazungu. Kwa kupima damu za Ulaya peke yake zisingeonekana kamwe.