Udongo Kizimbani

Desemba 1935, ndege za Italia zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali kando ya Mto Takazze, kaskazini mwa Ethiopia. Huitwa gesi, lakini ni majimaji yenye mafutamafuta. Hutua kwenye majani na mchanga, na aliyeyakanyaga hasikii kitu mpaka saa kadhaa zipite, ngozi ianze kuvimba malengelenge. Wapiganaji wengi wa Ethiopia walikuwa peku.

Juni 30, 1936, Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa na kulieleza hilo. Ushahidi uliokuwepo ni miili iliyoungua na maneno ya madaktari wa Msalaba Mwekundu. Italia ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 iliyopiga marufuku silaha hizo, lakini ubishi uliendelea miaka 60. Mwandishi Indro Montanelli, aliyepigana vita vile, alikana mpaka 1996, nyaraka za jeshi la Italia zilipowekwa hadharani. Mwethiopia aliyeungua akaaminiwa baada ya karatasi za aliyemuunguza kusema. Hilo linaniudhi hadi leo.

Udongo ulipata nafasi ya kusema kwingine. Agosti 25, 1988, kijiji cha Wakurdi cha Birjinni, kaskazini mwa Iraq, kilipigwa mabomu ya sumu. Juni 1992 watafiti wa haki za binadamu wakachota udongo na vipande vya chuma kwenye mashimo ya mabomu, wakavipeleka maabara ya Porton Down, Uingereza. Mvua na jua la miaka minne havikufuta kila kitu. Sarini, sumu ya neva, huvunjika haraka, ila huacha asidi yenye fosforasi iliyoshikamana na kaboni, na kifungo hicho ni kigumu mno kuvunjika. Kwenye rangi ya kipande kimoja cha bomu, sarini yenyewe ilikuwa bado imejificha. Haradali nayo huacha thayodiglaikoli, ambayo yahitaji tahadhari: viwanda vya wino huitumia pia, hivyo kuiona peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Silaha za Kemikali Juni 25, 1998. Anayeusimamia nchini ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ya Dar es Salaam ilianza 1895, enzi za Mjerumani, kwa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Wengi tunamjua kwa vipimo vya vinasaba na dawa za kulevya. Ili maabara yoyote iaminiwe na shirika la kimataifa la mkataba huo, The Hague, hufanyishwa mitihani ya sampuli zilizochanganywa kwa siri. Ikitaja sumu isiyokuwemo, imefeli.

Tuseme kuna shaka ya silaha za kemikali hapa Msata, inapokutana lami ya Bagamoyo na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Mpimaji angechota udongo pale penye shaka, kisha angesogea upande upepo unakotoka na kuchota mwingine usioguswa na chochote. Vyombo vyote vingefungwa kwa lakiri na kuandikwa namba, saa na jina la kila mtu aliyevishika, mpaka mezani kwa mkemia. Udongo ule wa pili ndio mawakili wangeuulizia kwanza.