Sentinele wa ukurasa: namna Python inalinda habari za watu mu intaneti

Ku Likasi kila mutu anajua kazi ya sentinele. Anabaki ku mulango wa parsele, anauliza weye ni nani, kisha anafungua ao anakatala. Nyumba yenyewe haibadilike.

Mu programu za Python, kazi hiyo inafanywa na dekoreta. Inaandikwa na alama @ juu ya funksyo. Alama hiyo iliingia mu Python 2.4, mwaka 2004. Kila ukurasa uko na funksyo yenye kuutengeneza. Dekoreta inasimama mbele yake: kama mutu hana ruhusa, funksyo haitumike hata kidogo.

Jambo hili linatugusa. KoboToolbox, yenye mashirika mengi ya misaada yanatumia kwa kuandika habari za wakimbizi, imejengwa na Python na Django. Mu fomu za namna hiyo munaweza kuwa majina, numero za telefone na kijiji chenye mutu alikimbia. Zikifika mu mikono mibaya, ni maisha ya mutu. Tena Kode ya numerike ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mutu binafsi.

Mfano wa Django kwa lopitali:

```
from functools import wraps
from django.core.exceptions import PermissionDenied

def wanganga_tu(ukurasa):
    @wraps(ukurasa)
    def sentinele(request, *args, **kwargs):
        kundi = request.user.groups
        if not kundi.filter(name="wanganga").exists():
            raise PermissionDenied
        return ukurasa(request, *args, **kwargs)
    return sentinele
```

Kisha andika @wanganga_tu juu ya funksyo ya ukurasa wa wagonjwa. Mwenye haiko mu kundi anapata jibu 403: imekatazwa. @wraps inachunga jina la funksyo ya kwanza.

Django iko na login_required, lakini ile inauliza paka kama mutu amejitambulisha. Haiulize kama ni munganga ao mutu wa kesi. Kujulikana na kuruhusiwa ni vitu viwili.

Hatari kubwa ni kusahau: kurasa 20, sentinele 19. Ndiyo maana Django 5.1, ya mwaka 2024, ilileta LoginRequiredMiddleware. Inafunga kurasa zote kwa wenye hawajajitambulisha. Za watu wote unazifungua na login_not_required.

Mu Flask, @app.route ikae juu kabisa, sentinele chini yake. Ukigeuza, ukurasa unabaki wazi, na programu haikuambie kitu.

Mbele ya kufungua site, toka mu konti yako, andika adrese ya kila ukurasa. Rudia na konti ya mutu asiye na ruhusa. Ukurasa wa siri wenye utafunguka, ndiyo wa kutengeneza kwanza.