Kinjeketile: kutoka faili la Mjerumani hadi jukwaani

Tarehe 4 Agosti 1905, pale Mohoro, Wajerumani walimnyonga mtu kutoka Ngarambe. Siku chache nyuma, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walikuwa wameng'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa serikali ya kikoloni ya Gavana Götzen, aliyenyongwa alikuwa mganga mchochezi, basi.

Leo mwanafunzi wa sekondari Tanzania anamjua mtu huyo, Kinjeketile Ngwale, kuliko anavyomjua Götzen. Mgeuko huo haukuja wenyewe. Uliletwa na watu waliojua kufukua kumbukumbu, kisha na mtunzi aliyejua la kufanya nazo.

Mafaili ya Wajerumani yapo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni hazina, ila yanasema kwa mdomo wa mwenye kalamu. Humo utakuta kodi, pamba na ripoti za maofisa. Aliyechapwa viboko shambani hakuandika ripoti.

Pengo hilo ndilo walilolifuata Gilbert Gwassa na John Iliffe, wanahistoria wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1960. Mwaka 1968 wanafunzi nao walitumwa vijijini kuwahoji wazee. Ilikuwa mbio na makaburi: aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza, sasa alikuwa na 78. Wazee walisimulia jinsi Kinjeketile alivyopandwa na pepo Hongo, akazama majini, akaibuka kesho yake hata nguo hazijaloa. Walisimulia dawa yake ya maji na mtama iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Walisimulia pia jembe la kulazimishwa, kwa sauti ya walioshika mpini.

Mwaka 1969 ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*. Mifupa yake ni ya historia, lakini mwandishi mwenyewe alieleza kwamba mtu wa jukwaani si nakala ya yule wa Ngarambe. Alimpa kitu ambacho faili halikuwa nacho: shaka. Kinjeketile wa Hussein anaona neno lake limemponyoka. Watu wamelibeba na kulikimbiza kuliko alivyokusudia. Akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwani akikiri, vizazi vitaambiwa babu zao walipigania upuuzi.

Hiyo ndiyo kazi ya sanaa mbele ya nyaraka: kuliuliza faili swali ambalo karani hakulijibu.

Jina la Hussein sasa limepewa heshima yake, kwani ipo Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein. Na njia aliyoipita haijaota nyasi. Mwaka 2024 Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner walitoa filamu *The Empty Grave*, inayofuata ukoo wa Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, ukitafuta fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba radhi mbele ya wajukuu hao.

Kazi za namna hii zinastahili tuzo. Lakini tunapomvisha mtunzi taji, tumkumbuke na mwanafunzi aliyeshika daftari, na mzee aliyemkaribisha kibarazani akafungua kinywa. Bila hao wawili, Kinjeketile angebaki mganga wa kwenye ripoti.

Na hesabu ya 1968 imerudi. Aliyekuwa na miaka 15 bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961, leo ana miaka kama 80. Je, nani ameshika daftari?